Afisa Asiyefika Nyumbani kwa Mtoto

Wapo watu wanaodhani kuwa kazi ya ofisi inayowatafutia watoto walezi ni kupokea maombi, kugonga muhuri na kumkabidhi mtoto kwa mwenye nyumba nzuri. Dhana hiyo ni ya hatari, na mambo yaliyotokea nchini Chad mwaka 2007 yanatosha kuionyesha hatari yenyewe.

Mwezi Oktoba mwaka huo, watu wa chama kimoja cha hisani cha Ufaransa, L'Arche de Zoé, walikamatwa mjini Abéché wakiwa tayari kuwasafirisha watoto 103 kwa ndege kwenda Ulaya, ambako familia zilikuwa zikiwangoja. Walidai kuwa hao ni mayatima waliookolewa katika vita vya Darfur. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bendeji ilhali hawana jeraha lolote! Ndipo watumishi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wa Msalaba Mwekundu walipozungumza na watoto hao, wakawauliza wametoka wapi na walikuwa wakiishi na nani. Ikabainika kuwa 91 kati yao walikuwa wakiishi na angalau mtu mzima mmoja waliyemhesabu kuwa mzazi wao, na wengi walitoka katika vijiji vya mpakani vya Chad yenyewe. Mwezi Desemba Wafaransa sita walihukumiwa kifungo cha miaka minane na kazi ngumu. Wakarudishwa kwao, na mwezi Machi 2008 Rais Idriss Déby akawasamehe.

Hapana haja ya kubishana hapa juu ya msamaha huo. Lililo kubwa ni kwamba maswali yaliyofichua ukweli yalikuwa mepesi, na yangeweza kuulizwa kabla ya ndege kukodiwa. Waokoaji walijaa tele. Wa kuuliza hakuwapo.

Kwa sababu hiyo kazi hizi hapana budi zigawanywe. Anayechunguza asili ya mtoto na kuwatafuta jamaa zake asiwe yule yule mwenye haraka ya kuwaridhisha waombaji. Kadhalika, mkuu wa makao ya watoto, ambaye misaada humjia kwa kadiri ya vitanda vilivyojaa, asiachiwe peke yake kuamua nani aondoke na nani abaki. Si kwamba watu hao ni wabaya. Ni kwamba wamewekwa mahali ambapo wema wao hauna mtu wa kuukagua.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliuweka uamuzi wa kuasili mtoto mikononi mwa Mahakama Kuu. Mgeni alitakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na awe amemlea mtoto kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Uzito wote umo katika neno hilo, uangalizi. Jaji haendi kuchungulia chumba anacholala mtoto, hutegemea taarifa. Afisa akiiandika taarifa hiyo mezani kwake, baada ya kumpigia mlezi simu na kuambiwa kuwa mtoto hajambo, Mahakama itakuwa imepotoshwa hata kama hapakuandikwa neno moja la uongo.

Wa kuulizwa ni mtoto mwenyewe, kisha mwalimu wake na majirani. Je, anakula pamoja na wenzake, au hungoja makombo jikoni? Anakwenda shule, au ameachiwa kubeba kichanga cha mwenye nyumba? Watoto wangapi walichukuliwa kwa jina la kulelewa, wakaishia kuwa watumishi wa ndani wasio na mshahara?

Ni kweli kwamba afisa mwenye kata nyingi na asiye na nauli hawezi kulaumiwa peke yake. Halmashauri inayotenga fedha za semina kuhusu ustawi wa watoto, isitenge za kumfikisha afisa huyo kijijini, ina sehemu yake katika lawama. Nauli hiyo itengwe. Naye afisa afike bila kutoa taarifa, amwone mtoto kwa macho yake, na aandike katika jalada tarehe aliyomwona.