Mtoto akiandikiwa MRI, uliza jina la dawa

Kutoka Newala hadi Mtwara basi linapita Tandahimba. Kutoka Masasi linapita Ndanda. Mzazi aliyeuza korosho kupata nauli ya rufaa, akifika kwenye kipimo hutamani kiishe tu, arudi nyumbani. Akiambiwa mtoto atachomwa dawa ili picha ionekane vizuri, hujibu "haya" na kunyamaza. Hapo ndipo pa kuuliza.

MRI haitumii mionzi, hutumia sumaku kubwa. Dawa inayochomwa mara nyingi ina madini ya gadolini. Nyingine ni chembe za chuma, ndogo mno kuliko chembe nyekundu za damu. Inayojulikana zaidi ni ferumoksitoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Baadhi ya madaktari huitumia pia kwenye MRI, hasa kwa wenye figo dhaifu, kwa kuwa baadhi ya dawa za gadolini zinaweza kuwadhuru.

Wapo wanaohofu kwamba sumaku itazivuta chembe hizo zichane mwili. Haiwi hivyo. Huishia kwenye ini na bandama, na chuma chake hutumika kutengeneza damu. Hatari kubwa ni mzio. Machi 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza visa 79 vya mzio mkali tangu 2009, na wagonjwa 18 kati ya hao walifariki. Ndiyo maana dawa hiyo huingizwa polepole kwa dripu, kwa dakika 15 au zaidi, na mgonjwa huangaliwa dakika 30 baadaye.

Hii si sababu ya kukataa kipimo. Ila kabla ya sindano, mzazi, sema kama mtoto aliwahi kudhurika na dawa yoyote, kama ana tatizo la figo, au kama ana selimundu na ameongezewa damu mara nyingi, maana huenda chuma kimeshazidi mwilini. Kisha omba jina la dawa liandikwe kwenye daftari lake: chembe za chuma zinaweza kubadili picha za MRI kwa hadi miezi mitatu.

Baada ya sindano usikimbilie stendi. Mtoto akiwashwa, akivimba midomo au akihema kwa shida, ita muuguzi palepale. Basi la Newala hata kesho lipo.