Zote, Yote au Wote? Kazi Inayotungoja

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu hapo kila Julai tunasikia hotuba kuhusu ukuu wa lugha hii. Mimi naomba tuipime kwa jambo dogo zaidi: je, mtu anaweza kujenga tovuti kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama?

Nauliza kwa sababu najitolea kutafsiri WordPress, programu huria ya kutengeneza blogu na tovuti. Ilizaliwa mwaka 2003, Matt Mullenweg na Mike Little walipoiendeleza b2, programu iliyoanzishwa na Michel Valdrighi. Leseni yake, GPL, inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Hata asiyejua kuandika programu ana mlango wa kuingilia. Maneno yanayoonekana kwenye skrini huwekwa kando ili yatafsiriwe. Aliyejiandikisha hupendekeza tafsiri, na mhariri wa lugha huikubali au huikataa.

Shida inaanza na neno fupi la Kiingereza, «All». Kwa Mwingereza linatosha popote. Sisi lazima tuulize kwanza: kitu gani? Makala ni zote, maoni ni yote, watumiaji ni wote. Katika WordPress watunzi wameweka kando ya neno hilo alama ya muktadha, nasi tunaweza kupatanisha. Lakini pale sentensi inapoacha nafasi tupu ijazwe na jina lolote, tutaandika kiambishi gani? Picha imefutwa, ukurasa umefutwa, maoni yamefutwa. Hapo kubahatisha hakusaidii. Inabidi kuwaandikia watunzi na kuwaeleza ngeli za nomino, ili waigawe sentensi hiyo. Nani atawaeleza vizuri kuliko mtu aliyesoma mofolojia ya Kibantu darasani?

Jambo la pili linatugusa sisi wa Kongo. Mfanyabiashara wa Uvira au Lubumbashi amezoea kusema «mo de pase». Akikutana na «nywila» atarudi kwenye Kifaransa. Sisemi tukiache Kiswahili sanifu, maana ndicho kinachotuunganisha na majirani. Lakini ndani ya usanifu huohuo kuna nafasi ya kuchagua: «neno la siri» linaeleweka pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Uchaguzi wa namna hiyo hufanywa na waliopo. Tusipokuwepo, utafanywa bila sisi.

Wenzangu wengine huniambia kwamba hiyo ni kazi ya bure inayowatajirisha watu wa mbali. Hoja yao ina uzito: yapo makampuni yanayopata fedha nyingi kwa programu hii, na mfasiri wa kujitolea halipwi hata faranga moja. Hata hivyo, tafsiri yetu inabaki huru kama programu yenyewe. Hakuna awezaye kuifungia sandukuni, na shule ya kijijini au redio ya mtaa itaitumia bila kununua kibali.

Kama hatulipwi fedha, basi kazi hii ihesabiwe hapa chuoni. Ninapendekeza mambo mawili kwa walimu wetu. Kwanza, katika somo la tafsiri, mwanafunzi apewe sehemu moja ya programu huria aitafsiri, aeleze kwa maandishi kwa nini amechagua kila istilahi, na apate alama zake. Pili, faharasa ya istilahi za kompyuta, iliyokusanywa kwa kuwasikiliza watumiaji wa miji yetu, ikubaliwe kuwa mada ya memwari.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msingoje ruhusa. Fungueni tafsiri zilizopo, mtafute mahali ambapo kiambishi kimekosea, mpeleke sahihisho moja. Kinachohitajika kwa kuanza ni ngeli mlizofundishwa mwaka wa kwanza.