Msiniambie Hakuwa na Kazi

Nimechoka kusikia semina baada ya semina kwamba wanawake wengi walioolewa enzi za Malkia Victoria hawakufanya kazi. Ushahidi? Sensa. Safu ya kazi mbele ya majina yao ni tupu.

Basi tuulize nani aliiacha tupu. Mwaka 1841 makarani wa sensa Uingereza walielekezwa kwamba kazi ya mke si lazima iandikwe. Mwaka 1881 wanawake walioshughulika na nyumba zao wakapangwa kundi moja na wasio na kazi. Huo ulikuwa uamuzi wa ofisi tu.

Fungua kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, ambako shahidi hueleza siku ile alikuwa akifanya nini. Humo wake za watu wanafua nguo za wengine, wanauza samaki, wanapangisha vyumba, wanashona usiku. Huko London Mashariki, kina mama na watoto waligundisha visanduku vya viberiti nyumbani, visanduku 144 kwa peni chache, na gundi wakijinunulia wenyewe.

Nami sijidai msafi. Kwenye fomu ya mkopo wa masomo, palipoulizwa kazi ya mama, niliandika "mama wa nyumbani". Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye maandazi yake.

Kwa hiyo tasnifu yangu itasema "kazi yake haikuandikwa". Haitasema "hakufanya kazi". Msimamizi akitaka kunikata maksi, na akate.