Washairi, Chukueni Kikapu Mwende Gengeni

Upo ugonjwa unaozitafuna tungo zetu, nasi tumeupa jina la heshima: ulinzi wa lugha. Mshairi akitaka neno zito hufungua kamusi, akachimbua neno ambalo hata bibi yake hakuwahi kulitamka, akalipachika penye kina, kisha akaandika maelezo chini ya ukurasa ili msomaji amwelewe. Huyo husifiwa. Mwenzake akitia neno "kisado" katika ubeti, huambiwa ameleta lugha ya sokoni. Naipinga hukumu hiyo. Lugha ya sokoni ni ghala la ushairi wa Kiswahili, na anayelifunga ghala asishangae njaa ikiingia nyumbani.

Tuanze na hicho kisado. Katika masoko ya Dar es Salaam, viazi na nyanya hupimwa kwa ndoo ndogo zilizokuwa za rangi. Jina la rangi hiyo, Sadolin, likakatwa likawa "sado", likavikwa kiambishi likawa "kisado", na wingi wake ni visado, sawasawa na kikapu na vikapu. Hakuna kamati iliyoketi. Wanaolicheka neno hili ndio wanaotuhubiria kwamba haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba ni nini, kama si chombo cha kupimia nafaka, ambacho vinne vyake hufanya pishi moja? Methali hiyo ilizaliwa mbele ya gunia la muuza nafaka. Kilichowatenga kibaba na kisado ni umri tu.

Najibiwa kwamba sokoni hakuna sanaa, kuna kelele. Basi nitaje niliyoyasikia juzi, katika siku moja ya shughuli za kawaida mtaani kwetu.

Gengeni, mama muuzaji alinitenganishia mkungu, chane na dole bila kufikiri mara mbili, ilhali nimesoma beti ambamo ndizi zote ni "ndizi" tu. Kando yake palikuwa na gunia lililojazwa kupita mdomo na kushonewa nyongeza juu: lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo huikataza kwa kuwa humpunja mkulima. Je, ubeti uliorundikwa maneno mazito hadi maana ikapasuka, hatukuwa tukiutafutia jina? Jina ni hilo.

Kwa fundi cherehani, suruali yangu haikuwa tayari. "Nimepiga bandi tu, kaka, bado kushona." Bandi ni mshono wa mkono wa kushikiza kitambaa kabla ya mshono wenyewe. Ni diwani ngapi zimechapwa zikiwa zimepigwa bandi tu!

Dukani, juu ya rafu ya sabuni, palibandikwa kibao: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Hesabuni mizani: sita kwa sita. Tazameni kitenzi kikikabili kitenzi, na furaha ikikabili msiba. Mwenye duka hakukibandika ili asifiwe na wahakiki. Alitaka deni lake lilipwe.

Jioni jirani alipiga hodi. "Jirani, kinu naazima, unga nakopa." Cha kuazima hurudi chenyewe, cha kukopa hurudi mfano wake. Sentensi ya maneno matano imebeba sheria nzima ya ujirani. Sisi huyaita maneno ya kigeni "maneno ya mkopo", lakini duka, pesa, laki, meza na leso hatujayalipa hadi leo, wala wenyewe hawajaja kudai. Basi anayeinukia "chenji" kwa hasira na aanze kwa kuirudisha pesa.

Sidai kwamba kila neno la mtaani ni lulu. Mengi ni povu, na kuchuja ni kazi yetu. Lakini achujaye ni lazima kwanza achote. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye diwani yake ilichapwa mwaka 1940, alichota: vita vya mji wake, siasa zake, mapenzi na mambo ya nyumbani, yote kwa Kimvita cha watu waliomzunguka. Tunamwita bingwa, kisha tunawakataza vijana wasifanye alivyofanya.

Wala tusidhani muda tunao. Mfuko wa plastiki uliitwa "rambo" na kila mchuuzi, kwa jina la shujaa wa sinema. Tanzania ilipoipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 1 Juni 2019, neno nalo likaanza kufifia vinywani. Mtoto wa leo akikutana nalo kesho, atalipata katika shairi la nani? Mizani za kidijitali zitakapokimaliza kisado, zitakimaliza na jina lake, nasi tutakuwa bado tunabishana kama lilistahili kuingia katika ubeti.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa kila mtunzi anayesoma hapa. Shairi lako lijalo liwe na neno moja ulilolipata kwa muuzaji, kwa fundi au kwa jirani, lililowekwa mahali pake pa haki, bila alama za mtajo na bila kuomba radhi. Likivunja mizani, lirekebishe. Likiudhi walinzi wa lugha, liache lilivyo.