Vyombo vya Sauti na Mwalimu wa Ngoma

Katika ziara zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha, tulipata kushuhudia kipindi cha ngoma katika shule moja ya msingi upande wa Oldonyo Sambu, kando ya barabara iendayo Namanga. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa amejiandaa. Alileta spika kubwa, akaiweka kwenye kona ya kiwanja, akaunganisha simu yake na kupiga wimbo. Watoto wapatao hamsini, waliopangwa kwa safu zilizoenea kiwanja kizima, walicheza vinywa vimefumbwa. Safu za nyuma zikawa zinachelewa hatua, na mwanachuo akawakemea kwa uzembe.

Baada ya dakika kumi betri ikaisha. Mwanachuo akababaika. Ndipo mvulana mmoja akaanzisha wimbo wa kwao, wenzake wakaitika kwa sauti za kooni, wasichana wakatikisa mabega, na wote wakasogea wakafanya duara. Hakuna aliyechelewa hatua.

Tukio hilo lisitufanye tuilaumu spika. Chombo hakina kosa. Kosa ni kukitumia bila kujua tabia yake, na bila kujiuliza kama kinahitajika.

Tuanze na wale watoto wa nyuma. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mtoto aliye mita 34 kutoka kwenye spika husikia pigo sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kutolewa. Katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni moja ya tano ya muda wa pigo zima. Basi watoto wale hawakuwa wazembe. Walicheza sawasawa na walichosikia. Dawa yake si kuongeza sauti, bali ni kuwakusanya watoto karibu, kwa duara au nusu duara, na kuiweka spika mahali ambapo umbali wake kwa kila mtoto haupishani sana. Iinuliwe pia juu ya meza imara, ipite vichwa vya watoto, kwani miili ya walio mbele huzuia sauti isiwafikie walio nyuma.

Jambo la pili ni maikrofoni. Wengi wetu tumesikia mluzi mkali unaotoboa masikio kwenye mahafali. Chanzo chake ni kwamba maikrofoni inasikia spika, spika inatoa tena kilichosikiwa, na mzunguko huo hauishi. Spika ziwekwe mbele ya maikrofoni, zikielekea watazamaji. Anayeimba aikaribie maikrofoni, ili ufunguo wa sauti usilazimike kupandishwa mno. Mluzi ukianza, teremsha sauti kwanza, kisha tafuta sababu. Kwa kuwa Oldonyo Sambu ni nchi ya upepo na vumbi, funika maikrofoni kwa kipande cha sponji, na vyombo vyote vifunikwe kwa kitambaa mara baada ya kazi.

Tatu, usalama. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230, nao huua. Waya usipite mahali watoto wanapokanyaga, wala chombo cha umeme kisiguswe kwa mikono yenye maji au mvua inaponyesha. Wakati wa kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza, ili kishindo kisiharibu spika. Masikio ya watoto nayo yalindwe: ikiwa unalazimika kupiga kelele ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, muziki umezidi.

Hayo ndiyo maarifa ya chombo. Lakini lipo swali lililo kubwa zaidi, nalo ni la mwalimu mwenyewe. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi wengi walijifunza kucheza dansi za kigeni na hawakufundishwa ngoma za kwao. Tukiwazoeza watoto kucheza kwa wimbo wa simu tu, tutarudi pale pale kwa njia nyingine.

Wamaasai na Waarusha wa sehemu hizi wana muziki ambao kwa kawaida hauhitaji hata ngoma ya kupigwa. Kiongozi wa wimbo, aitwaye olaranyani, huanzisha. Wengine huitika, na pumzi zao ndizo mapigo. Kuuwekea muziki huo spika ya kurekodiwa ni kumnyang'anya mtoto kile alichokuja nacho shuleni. Kinyume chake, mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto hao sindimba ya Wamakonde, wala yeye hajapata kuiona Mtwara, hapana budi atafute rekodi nzuri. Hapo spika ni msaada mkubwa.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, shauri letu ni hili. Sikiliza rekodi pamoja na darasa mara mbili au tatu, kisha izime. Waimbe wenyewe, wapige makofi, wapate mapigo miguuni. Andaa kila somo la ngoma kana kwamba umeme hautakuwapo. Ukiwapo, utumie, usipokuwapo, kipindi kisivunjike.