DHAHABU YAKO IKO WAPI?



Ndugu zangu, kuna maneno yamezagaa kwenye magrupu ya vijana wetu, na yanaandikwa na watu wanaoanza kwa Bismillah: kwamba kununua na kuuza dhahabu na fedha kwenye simu, kwa kufuata mistari ya chati, ni halali moja kwa moja, kwa kuwa dhahabu ni mali na Allah amehalalisha biashara. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu iliyofichwa ndiyo inayowamaliza watu.

Nianze na chati, maana wapo masheikh wenzangu wanaosema kuisoma ni ramli. Sikubaliani nao. Chati ni kumbukumbu ya bei zilizopita. Ukitafuta wastani wa bei za siku 50, kisha wa siku 200, hujadai kujua ghaibu, umepiga hesabu tu. Nahodha anayetazama mawingu hatumwiti mpiga ramli. Kosa linaanza pale mwalimu wa chati anapokuambia kwamba wastani wa siku 50 ukiukata ule wa siku 200 kwenda juu (wenyewe wanaita "msalaba wa dhahabu", jina ambalo peke yake lingetosha kumfanya Muislamu asite kidogo) basi bei lazima ipande. Lazima kwa amri ya nani? Wastani umetengenezwa kwa bei za jana na juzi. Unaifuata bei kama trela linavyofuata lori, na trela halimwoneshi dereva njia.

Watazameni waliokuwa na uhakika kabla yenu. Januari 1980 madini ya fedha yalikaribia dola 50 kwa wakia, matajiri wa Texas, ndugu wa ukoo wa Hunt, wakiwa wameyalimbikiza, mengi kwa pesa za mkopo. Tarehe 27 Machi mwaka huohuo bei ilikuwa karibu dola 11. Dhahabu nayo iligusa dola 850 Januari ile, na aliyenunua hapo alingoja hadi 2008 kuiona tena bei hiyo. Aprili 2013, ndani ya siku mbili tu za soko, dhahabu ilipoteza takriban dola 200. Wapo pia wanaochora uwiano wa dhahabu na fedha wakidai lazima urudi "mahali pake". Mahali pake ni wapi? Nisabu ya zaka ni gramu 85 za dhahabu na gramu 595 za fedha, yaani moja kwa saba. Machi 2020 ilikuwa zaidi ya moja kwa 120.

Lakini ugomvi wangu mkubwa si na mistari. Ni na kile kinachouzwa chini ya mistari.

Katika hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametaja vitu sita, dhahabu na fedha zikiwa za mwanzo, na akaweka sharti kwamba zikibadilishwa iwe mkono kwa mkono. Noti zetu, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi, zinachukua hukumu hiyo hiyo. Wala sipingi teknolojia: kiwango cha AAOIFI namba 57 kinakubali umiliki wa kihukumu, yaani dhahabu ikatengwa ghalani kwa jina lako hata kama hujaigusa. Sasa fungua programu yako, umwambie dalali akutolee gramu moja tu ya "dhahabu" uliyonunua. Hana. Ulichonacho ni mkataba wa tofauti ya bei: ikipanda anakulipa, ikishuka unamlipa. Mwulize mwalimu wako zaka yake inatolewaje kwa uzito. Hakuna cha kuweka kwenye mizani.

Kisha kuna mkopo. Una dola 100, dalali anakukuzia mara 100, unashika dhahabu ya dola 10,000. Bei ikishuka asilimia moja tu, jambo la kawaida kabisa kwa siku moja, dola 100 zako zimekwisha. Jioni bei inapanda, chati "ilikuwa sahihi", na wewe huna kitu. Huko Ulaya, mamlaka ya masoko ESMA ilieleza mwaka 2018 kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wa kawaida hupoteza pesa, ikazuia mkopo wa dhahabu usizidi mara 20 na wa fedha mara 10. Vijana wetu wanatangaziwa mara 500!

Mtasema: sheikh, ipo "akaunti ya Kiislamu", haina riba ya usiku. Sawa, wameondoa riba ya usiku. Mkopo umebaki, na sharti lake ni ufanye biashara kupitia kwa mkopeshaji huyohuyo, naye anakata faida yake kila unapobonyeza. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilikataza biashara ya namna hii mwaka 2006, na mkopo unaomletea faida mkopeshaji ni miongoni mwa sababu zake.

Na nyinyi mnaouza ishara za "nunua" na "uza" kwa ada ya kila mwezi: ikiwa chati inawapa uhakika huo, pesa ya kijana wa bodaboda mnaitakia nini?

Aliye na dili wazi sasa hivi aifunge, atoe kilichobaki cha mtaji wake. Akiitaka dhahabu, aende kwa sonara na pesa kamili, ipimwe mbele yake, atoke nayo mfukoni.

Wallahu a'lam.