Falanga ya pari inaenda wapi? Tunataka hesabu

Vijana wenzetu wa Baraka na Fizi, na ninyi mulio kwenye mashimo ya zahabu kule Misisi,

Siku ya mechi munaona wenyewe. Mvuvi ametoka ziwani, ameuza ndagala, na kabla unga haujafika nyumbani, falanga imekwisha ingia kwenye tiketi ya pari. Motari naye vile vile. Mwanafunzi pia, na ile ilikuwa ya minervali. Hatuandiki juu ya kumucheka mutu. Wengi wetu tumecheza. Tunaandika juu ya swali moja: falanga yetu ikishapita kwenye lile dirisha, inaenda wapi?

Tuhesabu kwanza. Ukiunga mechi 10 kwenye tiketi moja, na kila moja iko nusu kwa nusu, nafasi yako ya kushinda ni 1 ndani ya 1.024. Yule mmoja aliyeshinda tunamuona, anatembea na simu mpya. Wale wengine 1.023 wananyamaza.

Sasa historia, maana hii nayo inatuhusu. Mwaka 1934 Ubelgiji ilianzisha Loteri ya Koloni. Wabelgiji walinunua tiketi, na faida ilitakiwa kusaidia hazina ya koloni yao, ndiyo Kongo yetu. Uhuru ulipofika, ile loteri haikufa. Ilibadilisha jina, na leo ndiyo Loteri ya Taifa ya Ubelgiji. Kule, mugawanyo wa faida yake unaandikwa kwenye amri ya mfalme na kutangazwa kwenye gazeti la Serikali: huyu amepata kiasi hiki, yule kiasi hiki. Loteri iliyozaliwa kwa jina la Kongo inatoa hesabu kwa Wabelgiji. Na sisi Wakongomani, nani anatupa hesabu?

Musituambie haiwezekani. Norway, kampuni ya michezo ya bahati ni mali ya Serikali, na faida inaenda kwenye michezo na utamaduni. Uganda, jirani yetu, sheria ya 2016 inakataza mutu chini ya miaka 25 kucheza. Ubelgiji, tangu Septemba 2024, pari ni kuanzia miaka 21. Kenya, mwaka 2019, Serikali ilikataa kurudishia makampuni mengi ya pari leseni zao juu ya ugomvi wa kodi, hata SportPesa yenye nguvu. Leta ikitaka, inaweza.

Kuna wanaotuambia: "Pari inatupatia kazi, na mutu iko na haki juu ya falanga yake." Kweli, tena kabisa. Ndiyo maana hatuombi pari ifungwe. Ikifungwa, itachezwa kwa kujificha, na hapo hata hesabu ya kuomba haitakuwepo. Lakini haki juu ya falanga yako ni pamoja na kujua inafanya nini. Loteri bila hesabu ni kodi ya maskini ambayo hakuna mbunge aliyeipigia kura.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila nyumba ya pari ibandike mulangoni ruhusa yake, jina la aliyeitoa na tarehe inapoisha.
2. Sheria ya 2009 inasema mutoto ni mutu chini ya miaka 18. Basi mutoto asiuziwe tiketi, na anayemuuzia aazibiwe.
3. SONAL, shirika la Serikali la loteri, pamoja na Wizara ya Fedha, watangaze kila mwaka kiasi kilichoingia kutoka kila provinsi.
4. Katiba, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya provinsi. Tuonyeshwe sehemu ya Kivu Kusini, na tuambiwe ni shule gani au kipande gani cha barabara ya Uvira–Baraka kimefaidika.

Na wewe unayesoma, anza leo. Ukienda kwenye pari, uliza kwa heshima: "Ruhusa yenu iko wapi?" Piga picha ya jibu, au ya ukuta mutupu. Bila jiwe, bila matusi. Tutazikusanya hizo picha na kuzipeleka kwa meya wa Baraka na kwa administrata wa Fizi, mukononi, muchana, wote tukiwa pamoja.

Maisha yetu si tiketi. Hatungoji bahati, tunangoja hesabu.

Vijana raia wa Fizi na Baraka